Ushanga wa Tisa

Mama yangu alichanjwa paji la uso akiwa msichana, katika kijiji kilicho kando ya Naili, upande wa Malakal. Ni mstari mmoja wa vinundu unaotoka sikio hadi sikio, kila kinundu kikubwa kama punje ya mtama, nasi nyumbani tunaviita shanga. Mimi sina. Nilizaliwa safarini, watu wetu wakikimbia vita, nikalelewa Kitale, nchini Kenya. Nilipofikia umri wa kuchanjwa, mama alisema kwamba mtoto asiye na alama huulizwa maswali machache njiani. Shanga zake nilizifanya zangu kwa namna nyingine: nilijifunzia hesabu. Alipojilaza adhuhuri baada ya kutoka sokoni, nilikaa kichwani pake nikazigusa moja moja, kutoka sikio la kushoto hadi la kulia. Zilikuwa ishirini na tatu.

Nikiwa kidato cha pili nilimwomba asije kwenye mkutano wa wazazi. Sikutoa sababu, naye hakuuliza. Alivua kitambaa chake kizuri, akakikunja, akarudi kumenya viazi. Tangu siku hiyo sikuzitaja tena shanga zake, si kwa sifa wala kwa mzaha. Niliona nimepoteza haki ya kuzisemea.

Ndiyo maana, miaka mingi baadaye, tukiwa tumerudi nyumbani na kupanga nyumba ndogo hapa Atlabara, mjini Juba, nilipoona kwamba ushanga wa tisa kutoka kushoto umekuwa mkubwa kuliko wenzake, sikusema lolote. Nilikuwa namfunga kilemba kwenda kanisani. Kidole changu kilipita juu ya nyusi ya kushoto kikakwama. Ushanga ule ulikuwa mwekundu, unang'aa, laini kama sehemu ya ndani ya mdomo. Nilikaza kilemba juu yake, tukaenda kusali.

Nilinyamaza karibu mwaka mzima. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeujua uso ule kwa vidole. Wote waliomtazama waliona mwanamke mzee mwenye alama za kwao, na kinundu kimoja kati ya vinundu ishirini na tatu hakimshtui mtu. Mimi niliyejua nilikuwa bado na aibu ya kidato cha pili.

Kilianza kutoa damu. Kilemba kilipovuliwa jioni kilibaki na doa, na kwenye zahanati tulipewa dawa ya kupaka, tukaambiwa ni jipu. Tulipaka hadi kopo likaisha. Hatimaye nilimpeleka kwa daktari wa upasuaji, kijana aliyekulia Uganda na kusomea huko, ambaye hakujua lugha yetu. Mama hakujua Kiingereza. Walikutana katika Kiswahili, yeye na kile cha Kampala, mama na kile cha sokoni Kitale.

“Habuba,” daktari alisema, akimwita bibi kama watu wote wa mjini wanavyofanya, “hii kitu iko hapa kwa muda gani?”

“Ushanga iko hapa tangu mimi iko msichana.”

“Hizo zingine nimeona. Mimi nauliza hii yenye inatoa damu.”

“Hiyo pia ni ushanga. Ni vile tu imekuwa na kiburi.”

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Kisha aliivaa, akainama, na hakucheka tena. Alisema atakitoa siku hiyo hiyo kwa sindano ya ganzi, kisha nyama ipelekwe Nairobi ikasomwe, maana hapa Juba hakuna wa kuisoma vizuri. Kwa macho matupu, alisema, yeye hawezi kuapa ni kitu gani.

Kazi yenyewe haikumaliza nusu saa. Nyama ilitiwa katika chupa ya plastiki yenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, jina la mama likaandikwa ubavuni, nami nikakabidhiwa. Hapa kwetu jamaa wa mgonjwa ndiye mbebaji: hutoka hospitalini na chupa yake hadi kwa wakala, na wakala huipakia kwenye ndege. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Wakala alikuwa amefunga hadi Jumatatu. Nilirudi nyumbani na chupa ndani ya mkoba, nikaiweka juu ya rafu ya vitabu vyangu.

Jumamosi nilikwenda kazini kwa saa chache. Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule. Niliporudi niliikuta chupa imeoshwa na kufudikizwa kwenye sinia, kati ya bilauri za chai, ikikauka.

“Mama, nyama iko wapi?”

“Nimeilaza.”

“Umeilaza wapi?”

“Mahali pake.”

“Mama!”

“Usinipigie kelele. Ulitaka mwili wangu ukae kwenye chupa kama achari?”

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu analijua: kitu kilichotoka mwilini hakitupwi wala hakiwekwi wazi, hulazwa ardhini, na anayekilaza ni mwenyewe au mama yake. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimehariri sura nzima juu ya mila zetu, na haikunijia hata mara moja kwamba mama angeitazama chupa ile kwenye rafu na kuona sehemu yake ambayo haijazikwa.

Nilichukua jembe. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu cha bamia anachokimwagilia kwa mkono wakati wa kiangazi. Nilichimba kando ya ukuta, nikachimba chini ya kamba ya nguo, nikachimba karibu na choo. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki, bandeji kipajini, akinitazama. Mwanamke wa jirani alichungulia juu ya ua wa mabati.

“Ya mama,” aliniita kama hapa wanavyomwita kila mwanamke, “wapanda nini na mvua bado?”

“Anatafuta akili yake,” mama alimjibu. “Aliiacha Kenya.”

Jirani alicheka. Mimi nilikuwa nalia, nadhani hakuona kwa sababu ya vumbi. Nilipoinua jembe juu ya bamia, mama alinyoosha mkono.

“Acha. Utaniharibia mboga. Kushoto, penye jiwe.”

Kilikuwa kimefungwa katika kipande cha pamba nyeupe, safi kabisa, na fundo dogo. Chungu walikuwa wamekwisha kukifikia. Dawa ilikuwa imemwagwa, na sikujua ninaweza kuipata wapi Jumamosi. Basi mimi msomi nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikatia chumvi, nikakizamisha humo. Nilikesha na wazo kwamba chumvi huhifadhi samaki.

Jumatatu daktari aliifungua chupa, akaifunga upesi.

“Hii imeoza, dada. Hakuna mtu atasoma hii.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.” Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. “Sasa tungoje. Ikirudi, tutajua.”

Nilitembea hadi nyumbani nikilirudia neno hilo moja. Ikirudi.

Jioni ile tuliketi uani, na mama ndiye aliyeanza kusema. Alisema kwa lugha yetu, taratibu, kama anayemweleza mgeni njia.

“Meno yangu ya chini yaling'olewa nikiwa msichana, yako Malakal. Kaka yako niliyemzika yuko Lokichoggio. Wewe, kondo lako la nyuma nililifukia kando ya barabara, watu wakiniita niharakishe, na leo ukiniuliza ni wapi, siwezi kukuonyesha. Kila mahali tulipopita nimeacha kitu. Hiki kimoja nilitaka nijue kilipo.”

Nilinyanyuka nikaenda kukirudisha penye jiwe, kikiwa na chumvi yake, nikasawazisha udongo kwa kiganja.

Kilirudi. Kabla ya miezi minane kupita, vinundu viwili vilichomoza kwenye ukingo wa kovu jipya, na safari hii sikunyamaza hata siku moja. Daktari alikata kipande kidogo. Chupa niliibeba kwa mikono miwili kutoka meza yake hadi meza ya wakala, nikasimama pale mpaka ikatiwa kwenye sanduku.

Jibu lilipokuja, daktari alilisoma kwanza peke yake, midomo ikitembea. Ilikuwa saratani ya tezi za jasho. Alisema ni nadra sana, kwamba aliwahi kuiona kitabuni tu, na kwamba mara nyingi huanza kama kinundu kisichoumiza kinachokaa miaka bila kusumbua.

“Hata jasho linaugua?” mama aliniuliza kwa lugha yetu. “Mimi nilidhani jasho ni maji tu.”

Nilimweleza kwamba linatoka kwenye kitu kidogo kama uzi uliosokotwa, chini ya ngozi. Nilikijua vizuri kitu hicho. Katika kitabu cha sayansi cha darasa la saba nilikuwa nimehariri mchoro wa ngozi, nikamrudishia mchoraji mara mbili kwa sababu mshale wa tezi ya jasho ulielekea kwenye mzizi wa unywele. Nilikuwa mkali sana kuhusu mshale ule, miezi ile ile ambayo kila Jumapili nilikuwa nikikaza kilemba juu ya ushanga wa tisa.

Daktari alieleza bila kuficha. Dawa ya kumeza ya ugonjwa huu hana. Mashine ya mionzi haipo hapa. Tiba ni kisu, na kisu kikate mbali na kinundu pande zote na chini, hata nyama inayoonekana nzima iondoke, kwa sababu ugonjwa huu hutambaa pasipoonekana. Nilimwuliza kama mwaka uliopita, nyama ingesomwa, angekata vile. Alipanga karatasi zake.

“Ningekata mara moja, ndiyo.”

Nilitaka twende Nairobi. Mama alikataa kabla sijamaliza sentensi. Alisema amekwisha kuvuka mpaka ule mara mbili kwa miguu akiwa mzima na hatauvuka tena akiwa mgonjwa. Basi daktari alichukua kalamu ya wino wa zambarau akachora duara juu ya paji la uso. Mama aliomba kioo.

“Ni ngapi zinaenda?”

Daktari alihesabu. “Kumi, habuba, pamoja na mahali ya ile nilitoa.”

“Inabaki kumi na tatu.”

“Kumi na tatu. Na wewe unabaki mzima.”

“Nne huku, tisa huku. Hiyo si mstari, daktari. Na mimi nikifika kwa watu yangu yenye ilikufa, huko chini, watajua mimi ni nani?”

Daktari alitazama mezani, kisha akanitazama mimi. Mama alirudisha kioo na kusema atafikiri.

Alifikiri wiki mbili, na mimi katika wiki hizo nilikuwa karibu kuwa mwendawazimu. Niliona, au nilidhani naona, vinundu vikikua kati ya asubuhi na jioni. Nilimsihi nikipika, nilimsihi nikimwosha miguu. Jumapili ya pili aliniambia nimpeleke Mangateen, kwenye kambi ya waliohamishwa na vita, ambako wanawake wa rika lake kutoka kwetu hukusanyika baada ya ibada. Waliketi wanne kwenye mkeka mmoja, wote na mistari yao kipajini, na mama akavua kilemba mbele yao bila utangulizi.

Walitazama. Mmoja aliyekuwa na mtoto wa jicho alisogea hadi pua yake ikakaribia kumgusa.

“Wanataka kukata kumi,” mama alisema.

“Wakate,” alisema yule wa mtoto wa jicho.

“Nitakuwa kama msichana asiyechanjwa.”

“Msichana gani! Na shingo hiyo ya kobe?”

Wengine walipasuka kwa kicheko. Mwenye mtoto wa jicho hakucheka.

“Nisikilize, mke mwenzangu,” alimwita hivyo ingawa hawakuwahi kuolewa na mtu mmoja. Ni utani wao wa zamani. “Mimi sioni mstari wako tangu mvua za mwaka juzi. Nakujua vipi ukiingia hapa?”

“Sijui.”

“Kelele zako. Nakusikia tangu barabarani. Na huko chini wazee wetu wote ni vipofu, watakusikia vilevile. Wakate.”

Mama alifunga kilemba chake mwenyewe. Tukiwa njiani alisema nimpigie daktari.

Walimlaza kwa dawa ili asisikie chochote. Nilingoja kwenye benchi la ukumbini, na mlango ulipofunguka daktari aliniita nione nyama kabla haijafungwa chupani, kwani alijua ningetaka kuona. Ilikuwa kama jani nene. Alikuwa ameshona uzi mrefu upande wa juu na uzi mfupi upande wa kushoto, ili msomaji wa Nairobi ajue jani lilikaaje usoni, na kama kuna ukingo wenye ugonjwa, ajue ni upi. Katika shanga kumi za duara lile, tisa zilikuwa juu yake, na ule wa tisa kutoka kushoto haukuwapo. Mahali pake palikuwa kovu na vinundu viwili. Nilizihesabu hata hivyo.

Jeraha hakulifunga. Alisema hawezi kushona ngozi juu ya jambo asilolijua: kingo zikiwa safi, ataweka kiraka cha ngozi kutoka pajani, zikiwa si safi, atakata tena. Mpaka jibu lije, likae wazi chini ya bandeji. Hivyo kwa zaidi ya wiki tatu, katika joto ambalo hata mijusi walilikimbia, nilifungua paji la uso la mama yangu kila asubuhi. Nililoanisha shashi kwa maji ya chumvi ili isimng'oe, nikaibandua, nikaona chini utando mwembamba mweupe juu ya mfupa. Jasho lilimtiririka kutoka utosini na kuingia jerahani, naye alishika ukingo wa kitanda. Hakupiga kelele, yeye ambaye watu wanamsikia tangu barabarani. Nilimpepea kwa jalada la daftari. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote nne ninazozijua, na kuna asubuhi ambazo sikumwomba, nilimtukana.

Siku moja aliniuliza kama nyama ikishasomwa itarudishwa. Nilimwambia hukatwa nyembamba kuliko karatasi, hubandikwa kwenye vioo, na vioo hutunzwa kabatini.

“Kwa hiyo sasa niko Nairobi pia,” alisema.

Daktari alipiga simu Ijumaa asubuhi. “Kingo ziko safi!” alipaza sauti kana kwamba simu haikuwapo. “Zote! Juu, chini, pande zote! Mlete Jumatatu, niweke kiraka.”

Jumamosi wanawake wa Mangateen walifika bila kuitwa. Walileta bamia kavu na samaki, wakapika asida, ugali wa kwetu, uani, na yule wa mtoto wa jicho aliimba wimbo wa kumtania mama, kwamba daktari amemrudishia ubikira. Jirani aliruka mlangoni kupiga vigelegele. Mama alikuwa ndani. Alitaka aoge na avae kanga safi kabla ya kuwakaribia wageni. Nilimketisha kwenye kigoda, bandeji nimeifunika kwa mfuko wa plastiki, nikamwosha shingo kwa kitambaa chenye sabuni.

Chini ya taya la kushoto kidole changu kilikwama.

Nilirudi nyuma nikapita tena, polepole. Kilikuwa kigumu, kisichosogea, kikubwa kama kunde. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Daktari aliwahi kunionyesha mahali hapo: ugonjwa ukiondoka nyumbani kwake, alisema, hupitia hapa.

Uani walikuwa wanacheka. Nilisuuza kitambaa, nikakikamua. Niliwaza kwamba Jumatatu tunakwenda kwa daktari vyovyote, kwamba siku mbili hazina tofauti, kwamba ale asida yake leo akiwa mtu aliyepona. Niliwaza haya yote kwa utulivu na kwa mpangilio mzuri, kisha nikatambua sauti ya mawazo hayo. Ilikuwa sauti ile iliyokaza kilemba.

“Mama,” nilisema, “hapa kuna kitu.”

Mama aliinua mkono wake wenye povu, nikauongoza hadi pale. Alikigusa, akakizunguka kwa ncha ya kidole, kama nilivyokuwa nikizizunguka shanga zake.

“Umekiona lini?”

“Sasa hivi.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi, mama.”

Alitikisa kichwa kukubali. Maji yalimtiririka mgongoni nami sikuyafuta. Mwenye mtoto wa jicho aliita kutoka nje, akiuliza kama bibi harusi bado anapakwa mafuta.

“Nakuja!” mama alijibu, na sauti yake ikafika barabarani. Kwangu akasema chini kwa chini, “Jumatatu umwambie daktari kabla sijakaa. Na wakikikata hiki, chupa uibebe moja kwa moja. Usipitie nyumbani.”